Pembezoni mwa Mbeya kwa pikipiki: mwongozo kamili wa kuzunguka taratibu

Mbeya ni jiji lililokaa bondeni. Kaskazini umesimama mlima Loleza, mita 2,656, unaoonekana karibu kila mtaa. Kusini ni safu ya Uporoto. Katikati inapita barabara kuu ya TANZAM: inaingilia Uyole, inapita Soweto, Mwanjelwa na Mafiati, inateremka Iyunga na Iwambi hadi Mbalizi, kisha inashika njia ya Tunduma. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 jijini. Ya 2022 ikahesabu 541,603. Hao walioongezeka hawakupata nafasi Sokomatola wala Ghana, kata za zamani za katikati ya jiji. Wamejenga Isyesye, Itezi, Iganzo, Mwakibete, Kalobe, Iwambi, Itende, Nsalaga na Igawilo, kwenye vilima na mabonde ambako zamani palikuwa mahindi na viazi tu.

Ukitaka kuliona jiji hilo linalozaliwa, pikipiki ndiyo chombo chake. Gari linakwama kwenye vichochoro na kwa miguu hutamaliza. Pikipiki ndogo yenye injini ya sisi (cc) 125 au 150, ikiendeshwa kilomita 30 hadi 40 kwa saa, inakupa muda wa kutazama, kusalimia na kusimama panapokupendeza. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kutoka asubuhi na kurudi jioni bila haraka, awe mwenyeji au mgeni aliyefika na pikipiki yake.

Jambo moja ulishike kabla ya mengine yote, kwa sababu kila ushauri utakaofuata unatoka hapo: ukiwa Mbeya usihesabu kilomita, hesabu mwinuko. Katikati ya jiji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa ndege wa Songwe, mwendo mfupi tu kupita Mbalizi, uko kama mita 1,345. Barabara ya Chunya inapanda kupita mita 2,000 kabla hujamaliza robo ya tangi. Kilomita 20 za hapa zinaweza kukutoa kwenye jua la shati moja zikakuingiza kwenye ukungu wa kutetemesha meno. Anayepanga safari kwa umbali hushangazwa na baridi, na breki, na mafuta. Anayepanga kwa mwinuko hufika nyumbani akiwa bado na hamu ya kutoka tena.

Chagua upande mmoja

Ziko pande tatu, na nashauri uchukue mmoja kwa siku. Ukitaka zote tatu kwa siku moja utakuwa unakimbiza barabara, na starehe yote itakuwa imeisha kufikia saa nane.

Upande wa juu ni barabara ya Chunya, inayotokea Isanga na kupanda mlimani kupitia mashamba ya miti ya Kawetere. Ni lami, ina kona nyingi, na juu kuna mahali ardhi inapokatika ghafla na bonde la Usangu linafunguka chini yako hadi macho yachoke. Huu ndio ninaoupenda kuliko zote, na ndio unaohitaji ujuzi zaidi, kwa hiyo nitakaa nao kwa kirefu.

Upande wa mashariki ni Uyole, Nsalaga na Igawilo, ukiendelea na barabara ya Tukuyu mpaka Isyonje na Isongole. Ni wa kijani mwaka mzima, viazi, njegere na kabichi pande zote, na mvua haina adabu.

Upande wa magharibi ni Iyunga, Iwambi, Mbalizi na Songwe. Ni wa chini na wenye joto zaidi, kuna mashamba ya kahawa ya Utengule, na ndio wenye malori mengi kuliko zote.

Mitaa mipya, yaani Isyesye, Itezi, Iganzo na Itende, unaweza kuichomekea mwanzoni au mwishoni mwa upande wowote. Usiiruke. Huko ndiko jiji linakokua.

Majira na saa

Mvua za Mbeya huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, mara nyingine zinagusa Mei. Kwa kuzunguka kwa starehe, miezi mizuri ni kuanzia mwisho wa Mei hadi Oktoba. Juni na Julai kuna baridi kali: alfajiri joto hushuka chini ya nyuzi 10, na ukiwa kwenye pikipiki upepo unaiongeza. Septemba na Oktoba kuna joto na vumbi, na milima hufichwa na moshi wa mashamba yanayochomwa.

Kwa upande wa Chunya usiondoke kabla ya saa tatu asubuhi. Watu wengi huamini kuwa kuwahi ni vizuri siku zote. Hapa si hivyo. Ukungu hukaa juu ya Kawetere asubuhi, na ukipanda saa kumi na mbili utaona mstari mweupe wa barabara na mgongo wa lori tu. Subiri jua liuinue. Kwa upande wa Uyole na Isongole ni kinyume chake: toka mapema, saa moja na nusu, kwa sababu mawingu ya Rungwe hujikusanya mchana na katika majira ya mvua saa nane kwa kawaida imeshanyesha. Magharibi unaweza kutoka saa yoyote, ila Jumatatu na Ijumaa foleni ya malori ni ndefu. Jumapili asubuhi ndiyo saa nzuri kuliko zote za kuvuka jiji: maduka mengi bado yamefungwa, kwaya zinasikika kutoka kila kona, na barabara ni yako.

Kagua pikipiki jioni ya kuamkia safari

Fanya jioni, maana ukikuta hitilafu fundi bado yupo kijiweni. Asubuhi utakuwa na haraka na utajidanganya kuwa itafika tu.

Anza na breki, kwa sababu Mbeya ni miteremko. Pikipiki nyingi za hapa zina breki za ngoma nyuma, na nyingine hata mbele. Angalia mkono wa breki pale kwenye ngoma ya nyuma: una alama ndogo inayoonyesha kiasi viatu vya breki vilivyolika. Kama imefika mwisho, badilisha viatu, usikaze nati tu. Kukaza kunakupa breki leo na kukunyima kesho mteremkoni. Vuta breki ya mbele kwa nguvu pikipiki ikiwa imesimama: wenzo ukigusa mpini, waya umelegea au umekatika nyuzi kadhaa. Waya mpya ni bei ndogo mno kulinganisha na kinachoweza kutokea.

Kisha cheni. Isimamishe kwa stendi ya kati, zungusha gurudumu polepole huku ukiinua cheni kwa kidole sehemu ya katikati chini. Icheze kiasi cha sentimita 2 hadi 3. Zungusha tena upime sehemu nyingine, kwani cheni iliyozeeka hukaza mahali pamoja na kulegea pengine. Ikifanya hivyo, ibadilishe pamoja na spoketi zake. Iliyolegea sana itaruka ukibadilisha gia mlimani, mahali pabaya kuliko pote kupoteza nguvu.

Tairi: pikipiki nyingi za ukubwa huu hutaka upepo wa karibu PSI 25 mbele na 28 hadi 32 nyuma, zaidi kidogo kama umebeba mtu. Usishawishike kupunguza upepo eti uende kwenye vumbi. Mawe ya Itende na Iganzo yana ncha, na tairi laini huliacha jiwe libane tyubu kwenye ringi mpaka itoboke pande mbili kwa mpigo.

Oili ipime pikipiki ikiwa wima, mahali tambarare, injini ikiwa imepoa dakika chache. Taa ya mbele, taa ya breki, indiketa zote nne, honi, vioo viwili. Watu wengi hapa hung'oa vioo kwa urembo; kwenye barabara yenye semitrela nyuma yako, kioo ni jicho.

Neno kwa waliotoka Dar au Morogoro. Pikipiki yako itaonekana imechoka ikifika huku. Haijachoka. Katika mita 1,700 hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na pwani, na injini ya kabureta inavuta petroli ileile kwa hewa kidogo, kwa hiyo inakosa nguvu na plagi inakuwa nyeusi. Mafundi wa kijiweni watakuambia wageuze skrubu za kabureta. Kwa safari ya siku moja sishauri. Safisha kichungi cha hewa, weka plagi safi, kubali kutumia gia ya chini zaidi. Ukirudi pwani na kabureta iliyochezewa utaharibu injini kwa joto.

Mavazi na mzigo

Valia baridi ya kule juu, ubakize nafasi kwenye begi ya nguo utakazovua kwenye joto la chini. Fulana, sweta, jaketi lisilopitisha upepo, suruali nzito, viatu vinavyofunika kifundo. Sandozi acha nyumbani. Glavu ni lazima kuliko wengi wanavyofikiri: vidole vilivyokufa ganzi huchelewa kuvuta breki, na kule juu nusu sekunde ina thamani. Ukikosa jaketi zuri, weka gazeti kifuani chini ya sweta kama wafanyavyo madereva wa zamani wa nyanda hizi. Linazuia upepo vizuri kuliko sweta la pili.

Kofia ngumu ni mbili kama mko wawili, na zifungwe kidevuni. Dereva na abiria wote wavae. Leseni iwe ya daraja la pikipiki, A au A1 kulingana na ukubwa wa injini, bima iwe hai, na nakala ya kadi ya pikipiki iwe mfukoni. Trafiki wako Mafiati, Uyole na Mbalizi karibu kila siku, na mwenye karatasi zake kamili hapotezi hata dakika tano.

Begi dogo linatosha: tyubu moja ya nyuma, spana namba 10, 12, 14 na 17, plasi, bisibisi, plagi ya akiba, pampu ya mkono, kipande kirefu cha mpira wa tyubu cha kufungia chochote, koti la mvua, maji na simu yenye chaji. Weka fedha za noti ndogo. Muuza viazi wa Igawilo hana chenji ya elfu kumi asubuhi.

Jaza mafuta sheli ya mjini kabla ya kupanda Chunya. Pikipiki ya sisi 125 hutembea takriban kilomita 40 hadi 50 kwa lita kwenye tambarare. Mlimani hesabu 30.

Kutoka mjini na kuivuka TANZAM

Hapa ndipo pagumu kuliko pote siku nzima, na wengi hawapafikirii. TANZAM ndiyo njia ya mizigo ya kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo, na inapita katikati ya maisha ya watu. Kati ya Uyole na Ifisi pana kazi ya upanuzi wa njia nne, hivyo tegemea michepuko, vumbi, na alama zinazohama. Usitegemee kumbukumbu yako ya mwaka jana.

Lori la semitrela halikuoni ukiwa ubavuni mwake, hasa upande wa kushoto. Kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. Kaa nyuma, umbali ambao unaweza kusoma namba yake bila kukaza macho, au mpite kabisa panapokuwa wazi; usikae ubavuni kamwe. Lori likikupita wewe, shika mpini imara kwa sababu upepo wake hukusukuma nje kwanza, kisha hukuvuta ndani. Usipambane nao. Punguza resi kidogo, uache pikipiki ijinyooshe yenyewe.

Bodaboda wa Kabwe na Mwanjelwa wanakatiza pande zote na wanajua kila tundu la barabara. Usiwafuate katika mbinu zao. Wao wako kazini na wana saa za abiria, wewe huna. Lakini ukipotea, wao ndio wa kuuliza. Zima pikipiki, vua kofia, msalimie mkubwa wa kijiwe kwanza: "Habari za kazi kaka, naomba kuuliza njia ya Isyesye inayotokea juu." Ukianza na salamu utaelekezwa na vijana watatu kwa pamoja, na mmoja atakuambia na palipo na tope.

Mitaa mipya: kuendesha jiji likijengwa

Ukiacha lami na kuingia Isyesye au Iganzo, utaona hatua zote za nyumba kwa mkupuo mmoja wa macho. Kiwanja chenye bikoni nne tu (alama za mipaka) na mgomba mmoja. Kando yake msingi wa mawe. Kando ya huo kuta za tofali za kuchoma zikisubiri bati, mlangoni pametundikwa gunia. Halafu nyumba iliyokwisha, geti jekundu, maua. Nyuma ya yote hayo tanuri la tofali likifuka moshi. Simama karibu nalo kidogo. Tofali mbichi zimepangwa kwa ustadi, matundu ya kuni yameachwa chini kama milango midogo, na nje limepakwa udongo ili joto lisitoroke. Mafundi hukesha nalo wakiongeza kuni, na wekundu wa tofali hutegemea usiku huo. Waulize, wanapenda kueleza kazi yao.

Sasa uendeshaji. Udongo wa Mbeya una asili ya volkano, hasa upande wa Uyole na Igawilo: ukikauka ni vumbi jepesi kama unga, ukilowa unateleza. Kwenye vumbi zito kaa nyuma kidogo kwenye kiti, angalia mbali, na uache gurudumu la mbele licheze lenyewe, ukilibana litakuangusha. Tumia breki ya nyuma zaidi kuliko ya mbele. Kwenye tope tafuta mgongo ulioachwa kati ya nyayo za magari, nenda gia ya pili bila kubadilisha, na usisimame katikati. Kona zenye mchanga uliomwagika kutoka kwenye tipa ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu zinakuja kwenye barabara nzuri ulipokuwa umejisahau. Mahali penye ujenzi, chukulia kila kona ina mchanga.

Njia nyingi huku zinaishia kwenye msingi wa mtu. Ukifika hapo, geuza. Usikatize kiwanja hata kama pikipiki tatu zimeshapita. Bikoni ikiangushwa inaweza kuzaa kesi ya ardhi ya miaka. Punguza mwendo mpaka wa mtu anayetembea ukiona watoto, mbuzi au nguo zilizoanikwa karibu na njia. Vumbi lako ndilo litakaloingia kwenye mahindi ya mama aliyeyaanika. Ukitaka kuegesha mbele ya nyumba, omba: "Shikamoo mama. Naomba niegeshe hapa kidogo, sijakuzibia njia?" Sijawahi kusikia mtu akikataliwa.

Kupanda Chunya

Ukitoka Isanga barabara inaanza kupanda mara moja. Mji wenyewe ulianza miaka ya 1920 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa huko Chunya, kwa hiyo unapopanda hapa unafuata njia iliyoleta jiji. Leo ni lami hadi Chunya, kilomita 72, lakini kwa safari yetu hatufiki huko. Tunageuzia juu, kwenye ukingo wa bonde, kama kilomita 20 hivi kutoka mjini.

Kanuni ya kupanda ni kushusha gia kabla injini haijalalamika. Ukisikia inagonga au pikipiki inapumua kwa mikupuo, umechelewa. Shusha ukiwa bado na kasi, gia ya tatu, halafu ya pili kwenye kona kali, na ushikilie resi sawasawa. Kufungua resi yote huku ukiwa gia ya juu hakukupi kasi. Kunachoma petroli na kupasha injini moto. Ukiona mkono wako umefungua zaidi ya robo tatu na mwendo hauongezeki, gia si sahihi.

Kila baada ya kupanda kwa muda mrefu, simama dakika tano injini ipoe. Kuna mahali pengi pa kusimama, na kina mama wa Kawetere huuza viazi vya kuchemsha, mahindi ya kuchoma na chai. Utasikia tofauti ya hewa hapo: harufu ya misonobari, ubaridi unaoingia shingoni, na mjini kule chini mabati yanang'aa kama maji yaliyomwagika. Kutoka hapa unaona wazi jinsi jiji lilivyobanwa na milima, linavyofuata TANZAM kwa urefu na kutuma vidole kwenye kila bonde. Ukiisha kuliona hivyo kwa macho yako, utaelewa kwa nini maji na barabara za mitaa mipya ni kazi ngumu.

Barabarani utakutana na malori ya mbao, ya tumbaku kutoka Chunya, na ng'ombe. Ng'ombe wakiwa barabarani usipige honi; punguza, pita nyuma yao, msalimie mchungaji. Ukungu ukikukuta, washa taa ya chini, maana taa ya juu inaurudisha mwanga machoni. Ukiona huoni nguzo ya pili mbele yako, toka barabarani kabisa na usubiri mbali na lami.

Ukingoni, egesha pikipiki ikiwa imeelekea mlimani, gia ya kwanza, stendi juu ya jiwe bapa. Upepo wa pale huangusha pikipiki iliyoegeshwa kizembe. Usisogee ukingo ukiwa na kofia kichwani. Inapunguza unachosikia na unachoona pembeni.

Kushuka

Hapa ndipo ninapoomba unisome taratibu. Ajali nyingi za pikipiki milimani zinatokea kwenye kushuka, na nyingi zina chanzo kimoja: mtu ameweka fri, yaani bila gia yoyote, au amezima injini kabisa, ili aokoe petroli. Utaona vijana wakishuka Kawetere kimya kimya, mnyororo hausikiki, harufu ya viatu vya breki vilivyoungua ikiwafuata nyuma. Anachookoa ni petroli ya shilingi mia chache. Anachotoa ni breki yake yote: ngoma ikipata moto, viatu havishiki tena hata ukikanyaga kwa mguu wote, na kwa wakati huo hakuna gia ya kumzuia.

Fanya hivi. Kabla ya mteremko, shusha gia. Sheria ninayofundisha ni nyepesi: teremkia gia uliyopandia. Kama palikutaka gia ya pili kupanda, gia ya pili ndiyo ya kushukia. Funga resi, iache injini iizuie pikipiki. Kisha tumia breki kwa vipindi: kamata kwa nguvu ya kutosha kabla ya kona, mbele na nyuma pamoja, halafu achia kabisa. Breki ya mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi, hivyo ivute taratibu kama unakamua, usiinyakue. Ukijikuta umekanyaga breki muda wote, gia yako ni ya juu mno. Shusha moja zaidi. Ukinusa kitu kinaungua, simama. Usimwagie maji ngoma yenye moto, inapasuka. Subiri ipoe yenyewe.

Maliza kupunguza mwendo kabla hujaingia kona. Angalia unakotaka kwenda. Kaa kushoto kwako hata kama barabara ni tupu, maana lori linalopanda huhitaji upana wote wa kona.

Hayohayo yanahusu Iwambi upande wa magharibi, pamoja na nyongeza moja. Mteremko ule una historia mbaya ya malori yanayopoteza breki. Usiwe mbele ya lori linaloshuka Iwambi. Likitokea nyuma yako juu kabisa, toka kando, liache lishuke, ndipo uende. Ukisikia honi ndefu isiyokatika kutoka nyuma, usigeuke kutazama. Ondoka barabarani kwanza.

Magharibi na mashariki kwa kifupi

Ukifika Iyunga utaipita stesheni ya TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Jengo lake kubwa linastahili kusimamiwa. Baada ya Mbalizi ingia kulia au kushoto kwenye njia za mashamba ya kahawa, vua jaketi, na kula chakula cha mchana kwa mama lishe: Mbalizi wanapika maharage vizuri sana. Songwe ndipo pa kugeuzia.

Mashariki, Uyole ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kilimo ambacho mbegu zake za maharage na viazi zinalimwa nyanda zote za juu. Igawilo ingia sokoni asubuhi uone magunia ya viazi yakipakiwa. Baada ya hapo barabara ya Tukuyu inapanda kwa kona laini hadi Isyonje, panapochepuka njia ya Kitulo. Pikipiki ndogo inafika bila tabu, ila tope la Kitulo wakati wa mvua ni la wazoefu; ukiona mawingu, geuzia Isongole. Mvua ikianza kwenye lami, dakika za kwanza ndizo zinazoteleza kuliko zote, kabla haijaosha oili na vumbi. Jibanze kwenye kibaraza, kunywa chai, ndipo uendelee.

Ukipata pancha

Usiendelee hata mita mia. Ringi itakata tairi. Isukume hadi kivulini, toa gurudumu, angalia kwa vidole ndani ya tairi nzima kabla ya kuweka tyubu mpya, kwa sababu msumari wa bati la nyumba mpya bado umo. Pembezoni mwa Mbeya mafundi wa pancha wako kila njia panda yenye duka, na kijana yeyote atakupeleka. Kwa ajali namba ni 112. Ukianguka peke yako, mtu wa kwanza kukufikia atakuwa bodaboda, basi mwambie akupeleke kituo cha afya cha karibu badala ya kukimbilia mjini moja kwa moja.

Kurudi

Panga kuwa mjini saa kumi na moja jioni. Jua la jioni linapiga usoni kwa anayetoka Uyole kuja mjini, na madereva wa malori wanaokufuata nalo linawapiga vilevile, kwa hiyo washa taa hata kama bado kuna mwanga. Giza likikukuta, punguza mwendo ulingane na urefu wa mwanga wa taa yako: matuta mengi ya mitaani hayana rangi na baiskeli nyingi hazina taa.

Ukifika, usiifunike pikipiki ikiwa na tope. Ioshe kwa maji ya kawaida injini ikiwa imeshapoa, ikaushe cheni kwa kitambaa, uipake oili nyepesi ili iingie ndani ya viungo. Gusa nati za ekseli, za mpini na za ekzosi moja moja, maana barabara za Itende huzilegeza. Plagi itoe uitazame: ikiwa ya rangi ya kahawia injini inachoma sawa, ikiwa nyeusi yenye masizi, huenda kichungi cha hewa kimeziba vumbi na kinataka kuoshwa kabla hujatoka tena Jumapili ijayo.